Bastola, Saa na Skafu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 23 Februari 1948

Theluji magotini. Nimeamka na shaka. Shaka ya nini, sijui, lakini ipo, na shaka yangu hainidanganyi ila mara chache.

Kufikia mchana imepata jina. Norbert! Nimemkuta shemeji yangu ukumbini, juu ya ngazi, anapima ukuta kwa futi kamba. Ukuta ulio juu ya meza yangu! Nikamuuliza anapima nini. Akasema anapima ukuta. Nikamwambia mimi si kipofu. Akacheka kile kicheko chake cha dukani. Norbert anauza vitu vya umeme, redio na pasi na friji, na sasa anataka kuiuzia timu saa ya umeme. Kubwa kama mlango wa zizi. Ina taa. Robo ya mchezo ikiisha inapiga king'ora yenyewe. Akasema haihitaji mtu. Akashuka ngazi mbili, akarudia: haihitaji mtu kabisa.

Huyo mtu ni mimi.

Niandike wazi, maana daftari hili halisomwi na yeyote. (Hertha mke wangu, kama unasoma, rudisha chini ya fulana ulikolitoa.) Mimi Alvin Buchholz ni mtunza saa wa Masufuria ya Lindauer, timu ya mpira wa kikapu ya mji wetu, msimu wa tisa huu. Tunaitwa Masufuria kwa sababu kiwanda kinachowalipa wachezaji kinatengeneza masufuria. Na mimi nafanya kazi hapo hapo, napanga vifuniko kwenye masanduku. Miaka kumi na minne msimamizi ananiita Albert. Nimeshaacha kumsahihisha.

Lakini siku ya mechi! Meza yangu pembeni ya uwanja. Mkono wa kushoto saa ya kubonyeza. Mkono wa kulia bastola ya baruti, isiyo na risasi. Watu elfu mbili, majitu ya futi sita na ushee yanayokimbia huku na huku, marefa na filimbi zao, na mchezo hauishi mpaka Alvin Buchholz afyatue. Hakuna anayeniita Albert hapo.

Siri iko kwenye gumba. Sheria inasema refa akipuliza, saa isimame. Mpira ukirudi mchezoni, saa itembee. Haisemi gumba liwe na haraka. Tukiongoza, gumba langu linawahi. Tukiwa nyuma, linapata baridi yabisi. Ligi nzima wanaiita dakika ya Lindauer. Kocha mmoja wa wageni alisema alinyoa kabla ya mechi, na dakika ya mwisho ilipoisha ndevu zilikuwa zimerudi. Wivu tu.

Sasa mambo yamekaa hivi. Jumamosi ya tarehe 6 Machi tunacheza na Nyundo za Darnell, mechi ya mwisho. Mshindi anaingia mtoano, aliyeshindwa anakwenda nyumbani. Jumatatu inayofuata kamati ya timu inapiga kura juu ya saa ya Norbert. Tukishinda, nani atathubutu kuning'oa? Tukishindwa, nabaki na vifuniko.

Kikulacho ki nguoni mwako. Aliyesema hivyo alikuwa na shemeji.

Jumatano, 25 Februari

Ushindi! Tumewafunga Mabaharia wa Port Ansel, 48 kwa 47. Ikibaki dakika moja tulikuwa nyuma kwa pointi tatu. Kocha Ramaker akakohoa mara mbili, ile ishara yetu. Gumba likashikwa na baridi yabisi. Milo Dvorsky, mrefu wetu, alirusha mara nne akakosa tatu, akaanguka, akafungwa kiatu na mtu mwingine, akarusha tena. Dakika ilikuwa bado ipo. Milo akapata. Nikafyatua. Kocha wa Mabaharia alitupa kiti. Kizuri tu kile kiti, si chetu, ni cha kanisa.

Lakini furaha yangu imeingia mdudu. Mstari wa mbele, karibu na bomba la joto, alikaa mgeni. Kofia ya kahawia. Mfuko wa karanga. Na kila filimbi ilipolia, aliangalia saa yake ya mkononi. Kila filimbi! Mtu aliyekuja kutazama mpira anatazama mpira. Huyu alitazama mkono wake.

Ligi imetuma mpelelezi. Sina shaka. Yaani shaka ninayo, na ndiyo inayoniambia.

Mama mkwe alikuwa kitini pake kama kawaida, nyuma yangu kabisa, anafuma. Mama Ottilie ana miaka sabini na sita. Zamani alikuwa anawatukana marefa kwa Kijerumani, mpaka mchungaji, anayekijua Kijerumani, akamwomba afume badala yake. Sasa sindano zinakwenda mpira ukiwa mchezoni, filimbi ikilia zinasimama, kama askari. Robo ya kwanza uzi mweusi. Bastola ikilia, anakata, anachukua mwekundu. Kisha njano. Robo ya mwisho mweupe. Mechi zote za nyumbani hivyo hivyo, msimu mzima, na Krismasi ananipa mimi skafu. Kila mwaka skafu! Futi kumi na zaidi. Ninazo nane, ya tisa iko kwenye sindano. Inanizunguka shingo mara nne na bado inafagia theluji.

Na mikanda myeupe karibu daima ni mipana kuliko mingine. Nyeusi vidole viwili, nyekundu viwili, njano viwili, nyeupe vitatu, pengine vinne. Anajua nakula soseji na haradali mezani. Anajua haradali inaonekana kwenye nyeupe. Anafanya makusudi. Yule ni mama yake Norbert, tusisahau.

Ijumaa, 27 Februari

Nimefanya upelelezi. Nilikwenda hotelini baada ya kazi, nikajifanya nimepotelewa na glavu. Karani alipoinama kutafuta chini ya meza, nikasoma kitabu cha wageni kichwa chini miguu juu. Lemuel Teasdale. Kazi: muuza mbegu.

Mbegu! Nje theluji imefunika masanduku ya barua. Nani ananunua mbegu za figili wakati jembe likigusa ardhi linalia kengele?

Karani akainuka na glavu mkononi. Si yangu, lakini nzuri. Nimeichukua ili asivunjike moyo.

Nikamsimulia Hertha. Akasema watu wa mashamba huagiza mbegu kabla theluji haijayeyuka, hata baba yake alikuwa anaagiza Februari. Akaongeza kwamba saa ya umeme ikija si vibaya, nitakuwa nyumbani Jumatano na Jumamosi. Kwa nini ananitaka nyumbani? Mwaka jana aliniomba niende kuvua samaki kwenye barafu wiki nzima.

Jumapili, 29 Februari

Nimemkuta Teasdale nje ya kanisa, nikamjaribu. Nikamuuliza, kwa upole kabisa, bwana, saa ngapi? Akasema saa nne na dakika saba na sekunde kumi na nne.

Sekunde kumi na nne!

Muuza mbegu gani anahesabu sekunde? Figili inakomaa kwa siku ishirini na tano. Nikashukuru, nikaondoka kwa mwendo wa mtu asiye na hatia. Mwendo huo ni mgumu kwenye barafu. Nilianguka mara mbili, na skafu ikanasa kwenye lango la kanisa.

Jumatatu, 1 Machi

Mpango wa kwanza: kubadilisha ishara. Teasdale ameshasikia Kocha Ramaker akikohoa. Kikohozi hakifai tena. Nimemfuata kocha chumba cha kubadilishia nguo nikamweleza: kofia yako. Ikiwa kichwani, naacha saa iende zake. Ukiiweka gotini, narefusha. Ishara salama, kwa sababu Ramaker haivui kofia kamwe. Kichwa chake kina upara mmoja mkubwa, naye anaamini taa zikiupiga Milo anakosa mitupo ya adhabu.

Ramaker akaziba masikio kwa vidole. Akasema yeye hajui lolote, hajawahi kujua lolote, na kikohozi chake ni cha sigara. "We Alvin, fanya unavyojua, mimi usinitie humo!" Hodari sana. Hata chumbani peke yetu anaigiza. Nikamkonyeza kuonyesha nimeelewa. Akasema nina kitu jichoni.

Alhamisi, 4 Machi

Mpango wa pili, na huu ndio wa kiakili.

Jumatano ya wiki iliyopita nilimwona Teasdale akipiga miayo karibu na lile bomba. Basi nimekwenda chini kwa Casimir, mzee wa boila. Casimir ni mtu wetu. Misimu yote anawapikia wageni chumba chao, mpaka wanatoka kucheza wameshalowa na miguu imelegea, huku chumba chetu dirisha wazi. Huo ni ukarimu wa kawaida, kila mji wa ligi hii unafanya. Lakini nilichomwomba leo hajawahi kuombwa. Jumamosi, mapumziko yakianza, afungulie joto ukumbi mzima. Mpaka mwisho! Teasdale akishashiba soseji mbili na bia mbili kwa hisani yangu, atalala kama mtoto aliyenyonya.

Casimir akasema wazee watazimia. Nikamwambia wazee wetu ni wa chuma. Akasema rangi ya ukuta itabambuka. Nikamwambia ibambuke, Norbert ndiye aliyeupima. Akacheka, akakubali.

Kofia kwa kocha, joto kwa mpelelezi. Mipango miwili, na hakuna aujuaye wa mwenzake. Ndiyo akili yenyewe. Nimelala mchana saa nzima kwa kuridhika.

Jumapili, 7 Machi

Nitaandika yote, kisha nitajificha.

Ilianza vizuri. Elfu mbili na mia tatu ukumbini. Mapumziko, tulikuwa nyuma kwa pointi sita. Nikampelekea Teasdale soseji na kabichi chachu na bia. Akakubali. Nikampelekea tena. Akakubali tena. Casimir akafungulia. Mabomba yakaanza kugonga, madirisha yakatoka jasho. Robo ya tatu watu walivua makoti, robo ya nne wakavua sweta. Mwanamke mmoja alikuwa anajipepea na kiatu cha mumewe. Teasdale akainamisha kichwa, akaangusha karanga, akalala fofofo! Ningeweza kumbusu Casimir.

Na vijana wetu wakaamka. Nyundo walilegea kwa joto, sisi tumezoea tanuri za kiwanda. Pointi sita zikawa nne, nne zikawa moja. Ikibaki dakika moja tuliongoza, 51 kwa 50, na mpira ulikuwa wetu. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kurusha. Kazi yetu ilikuwa kupasiana mpira huku na huku, Milo ausogeze juu wasikoweza kufika, na mimi niache saa ifike mwisho. Basi. Hata kuku angeweza.

Nikamtazama kocha. Kofia ilikuwa gotini.

Gotini! Upara unang'aa kama kifuniko kipya.

Nikajiuliza, tunaongoza, tunarefusha kwa nini? Nikatafakari haraka. Ramaker si mjinga. Ikiwa anataka muda, basi tuko nyuma. Na ikiwa tuko nyuma, ubao unadanganya. Na nani anapachika namba kwenye ubao? Norbert! Norbert kwa mkono wake, juu ya kichwa changu! Nikaona njama nzima mbele yangu, kuanzia ile futi kamba. Sikuuliza mtu. Niliamini kofia.

Gumba likapata baridi yabisi ambayo halijawahi kupata tangu lizaliwe. Filimbi ikalia, mpira ukarudi, gumba likangoja. Filimbi tena, gumba likangoja tena. Vijana wetu walipasiana, wakapasiana, wakaanza kunitazama. Milo alipaza sauti: "Alvin! Piga!" Nikadhani anajiambia mwenyewe arushe. Ramaker alisimama akinipungia kofia, kofia ile ile, akipiga kelele, uso mwekundu, na mimi nikasema moyoni, anataka zaidi. Nikaongeza.

Mpira ukamponyoka Milo kwa jasho. Kijana wa Darnell akauokota, akakimbia peke yake, akaweka. 52 kwa 51.

Ndipo nikafyatua. Sijui kwa nini. Bastola ilikuwa mkononi.

Elfu mbili na mia tatu, na nikasikia sindano za mama mkwe zikisimama.

Ramaker alikuja mezani akiwa amelowa. Akaniuliza kama nimerogwa. Nikamnong'oneza, kofia. Akasema kofia aliivua kwa sababu ya joto! Joto, mjinga wewe! Nani amewasha joto hili la jehanamu?

Nikajifanya napangusa bastola.

Leo kanisani benchi letu lilikuwa tupu kushoto na kulia. Mwokaji hakunisalimu. Muuza maziwa ameacha chupa zetu nje ya uzio. Norbert anazunguka mji akisema nimeuza mechi kwa Darnell, na ametaja sekunde arobaini. Anasema za mwizi arobaini, na watu wanacheka kwa uchungu. Mimi! Niuze Masufuria! Nimelia chooni, nimefungua maji Hertha asisikie. Hertha amesikia. Amenisukumia kipande cha keki chini ya mlango, kwenye sahani. Sahani imepita kwa shida.

Jambo moja tu la heri. Teasdale alinifuata nje ya kanisa, akanishukuru kwa soseji. Akasema alilala nusu nzima ya pili, hakuona hata mtupo mmoja, na anaona haya. Akanipa pakiti ya mbegu za figili. Pakiti kweli, mbegu kweli! Nimezimwaga mezani, nimezihesabu. Basi ni muuza mbegu. Masikini, na mimi nilimshuku. Ndiye mtu pekee mjini anayenichekea. Nimemkaribisha kwenye kikao cha kesho, ale keki.

Jumatatu, 8 Machi

Kikao, chumba cha chini cha kanisa. Kamati watu watano, na watu mia wakisimama. Kahawa, keki ya tufaha. Hakuna aliyenipa uma.

Norbert alisimama. Akasema hazungumzi kama mfanyabiashara. (Alikuwa na picha ya saa chini ya kwapa.) Akasema anazungumza kama ndugu aliyeumizwa. Tulikuwa mbele, na mtunza saa wetu wenyewe aliwapa adui sekunde arobaini. Mtu hafanyi hivyo bure. Alipwe na Darnell, ale Lindauer! Watu wakanguruma. Mwenyekiti akaniuliza nina la kusema.

Ningesema nini? Niseme sikurefusha, elfu mbili waliona. Niseme nilirefusha kwa makosa, wataniuliza, kwani kurefusha ndiyo kazi yako? Nikamgeukia kocha. Ramaker alikuwa anatazama viatu vyake, hajui lolote, kama alivyoahidi.

Hapo nikasikia kiti. Mama Ottilie alikuwa amesimama. Mkononi kapu. Nikajua nimekwisha, mama na mwanawe wamepanga. Akaniambia nivue skafu. Nikavua, ilichukua muda. Akailaza juu ya meza, katikati ya keki. Kisha akatoa kapuni nyingine, na nyingine. Nane zote, saba Hertha alikuwa amezitoa kabatini. Na ile ya tisa, sindano bado zimo. Meza ilijaa, zikaning'inia mpaka sakafuni.

Akasema yeye anafuma mpira ukiwa mchezoni, na anafuma mwendo mmoja, hajawahi kuharakisha hata siku aliyokufa mumewe. Kila robo rangi yake, na robo zote zinapaswa kuwa sawa. Akamwita mwenyekiti aweke vidole. Nyeusi, viwili. Nyekundu, viwili. Njano, viwili. Nyeupe?

"Vitatu na nusu," akasema mwenyekiti.

"Hiyo ni Port Ansel, mwaka wa arobaini na mbili, tulikuwa nyuma kwa pointi tano," akasema Mama Ottilie. "Tulishinda. Hiyo hapo, nyembamba, kidole kimoja, tulikuwa mbele tukaogopa. Tulishinda. Hii pana, mlicheza vita vikiwa vimechukua nusu ya vijana. Tulishinda. Misimu tisa nimekaa nyuma ya shingo ya huyu. Mkwe wangu ni mwizi, sibishi. Lakini ni mwizi wetu! Hajawahi kutuibia sisi akawapa Darnell, labda kwa ujinga. Na wewe Norbert keti chini, kahawa yako inapoa."

Kisha watu wakasogea mezani. Wakaanza kugusa ile mikanda. Mmoja akasema hii ndiyo siku Milo alivunjika jino. Mwingine akasema hapa mwanangu alikuwa hai, alikaa pale juu, alipoteza sauti kwa kushangilia. Mwokaji alitoa leso. Mtu akanipa uma, mwingine keki. Ramaker akaja akanipiga begani, akasema alikuwa anajua muda wote! Nililia mbele ya watu mia na sikuona haya. Hapakuwa na choo wala maji ya kufungua, nililia tu.

Na katikati ya heshima hiyo yote, sauti ya upole ikamwomba Norbert amwazime futi kamba.

Teasdale. Alimaliza keki, akapangusa vidole. Akapima mweusi. Akapima mweupe. Akaandika. Akapima tena, skafu zote tisa, akiomba radhi kila alipomsogeza mtu. Kisha akamkabidhi mwenyekiti kadi ya ligi.

Akasema mbegu nazo anauza kweli. Ligi hailipi vya kutosha.

Akaniambia kwa huzuni kwamba ile Jumatano kelele za dakika ya mwisho zilimpotezea hesabu, na Jumamosi alikuwa amelala, na asiyeona hawezi kushuhudia. Ripoti yake ilikuwa tayari imeandikwa: hakuna kasoro. Alikuja tu kwa ajili ya keki. Nami ndiye niliyemkaribisha!

Jumatano, 17 Machi

Barua ya ligi imefika. Klabu iweke saa ya umeme kabla ya msimu ujao. Alvin Buchholz asishike saa wala bastola katika mchezo wowote wa ligi, maisha yake yote.

Norbert ameuza saa yake. Amenitumia pasi ya bure. Haipati moto.

Lakini mji! Mwokaji ananipa mkate ulio bora. Baa hawaniachi nilipe bia. Na leo asubuhi msimamizi alipita penye masanduku, akasimama, akasema, habari za asubuhi, Alvin. Nilidondosha vifuniko kumi na viwili.

Sijui bado kama mama mkwe aliniokoa au alinizika. Nimemtazama sana wakati wa chakula. Anatafuna tu.

Jumamosi, 30 Oktoba

Msimu mpya! Mechi ya kwanza nyumbani. Niandike mambo kwa utaratibu.

Saa ya Norbert iko ukutani, taa zinawaka, king'ora kinaweza kumwamsha maiti. Haihitaji mtu kabisa. Isipokuwa mtu wa kubonyeza swichi, itembee na isimame. Kamati iliuliza nani. Norbert akajitolea, watu wakasema mwenye duka asitie mkono. Mwingine hakutaka lawama. Kisha Ramaker akasema, kwani barua inasemaje? Ikasomwa. Saa, na bastola. Swichi haikutajwa popote.

Nimerudi mezani pangu! Swichi ni laini, nzuri. Gumba ni lile lile. Leo tulikuwa nyuma kwa pointi mbili ikibaki nusu dakika, na kumbe hata umeme unaweza kupata baridi yabisi. 46 kwa 45. Ushindi!

Nimejifunza, lazima niseme. Miezi saba nimefikiri, na nimeliona kosa liko wapi. Halikuwa kwenye gumba. Halikuwa kwenye kofia wala kwenye joto. Kosa lilikuwa rangi! Kwa hiyo siku ya kuzaliwa ya mama mkwe nimempelekea zawadi, madonge ishirini ya uzi wa sufu, yote ya kijivu. Kijivu kitupu, mwanzo mpaka mwisho. Apime nani sasa! Akauangalia uzi, akaniangalia mimi, akasema asante mkwe wangu, kijivu hakionyeshi haradali. Hata yeye kakubali.

Mstari wa mbele leo alikaa mwanamke na mtoto mchanga. Mtoto alikuwa anaikodolea macho saa bila kupepesa. Nimemwandika jina. Nitamfuatilia.

Mama Ottilie alikuwa nyuma yangu kama zamani, sindano zinakwenda. Kila king'ora kilipolia alisimama, akafunga fundo dogo jekundu kwenye kijivu, akaendelea. Sikumuuliza la nini. Wazee wana mambo yao. Nimerudi nyumbani, nimevua viatu, na kwa mara ya kwanza tangu Februari sina shaka yoyote.